Mchanga uliokuwa mchele

Desemba ya 2011 nilikua Bangalore, mwaka wa pili chuo, na hali ilikua mbaya kusema ukweli. Nilikua nimefeli masomo mawili, kule wanaita bakilogi, sisi tungesema sapu, na nyumbani Tanga sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu ada ile ilipatikana baada ya mjomba kuuza kipande cha shamba pale Pongwe. Usiku silali, mchana nasinzia darasani. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Nagercoil huko chini kabisa Tamil Nadu, akaniangalia siku moja akasema twende kwetu likizo hii, bahari iko karibu, angalau utapata upepo wa kwenu.

Tukapanda treni jioni tukashuka kesho yake mchana. Kwao wanaishi babu na bibi, Thatha na Patti, na mimi nikawaita hivohivo. Thatha alikua mwalimu wa Kiingereza mstaafu, mwembamba, shuka jeupe kiunoni, na yeye aliniita thambi, yaani mdogo wangu. Kila alfajiri anaoga, anakaa barazani miguu kaikunja, macho kafumba, dakika ishirini hivi, ndo anadai kahawa. Hapohapo Patti anainama mlangoni anachora maua kwa unga wa mchele, sisimizi wanakuja wanakula mchoro, kesho anachora tena. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliona kama maajabu, japo ukifikiria, bibi yangu na tasbihi yake baada ya swala ya alfajiri alikua anakaa vilevile, na ole wako umsemeshe.

Usiku wa pili nilikua jikoni, Patti anapekecha mtindi. Anao upekecho wa mti, kichwa chake kimechongwa kama ua, anausokota kati ya viganja mbele nyuma mbele nyuma. Thatha akaegemea mlango akaniuliza, unajua miungu nao waliwahi kufanya hiyo kazi? Akanihadithia. Zamani miungu waliishiwa nguvu, wakaambiwa kuna amrita, kinywaji cha kutokufa, iko chini ya bahari ya maziwa, lakini peke yenu hamuwezi, itabidi muungane na maadui zenu maasura. Mlima Mandara ukawa upekecho, nyoka Vasuki akawa kamba, huku wanavuta hawa huku wanavuta wale, mlima ukataka kuzama, mungu Vishnu akajigeuza kasa akaubeba mgongoni. Mi nikakaa nasubiri dhahabu. Thatha akasema hapana, kilichotoka kwanza ni sumu, Halahala, ya kuua ulimwengu mzima, na hakuna wa kuigusa, mpaka mungu Shiva akaimeza na kuizuia kooni, ndo maana wanamchora shingo ya buluu. Baada ya hapo ndo vikaanza kutoka vitu, tembo mweupe, ng'ombe wa kutimiza haja, mti wa matakwa, mwezi, Lakshmi mwenyewe, mungu wa kike wa utajiri, juu ya ua la yungiyungi, na mwisho kabisa tabibu Dhanvantari kashika chungu cha amrita. Wanahesabu hazina 14. Bahari kwa Kisanskriti ina jina lingine, Ratnakara, mgodi wa vito. Patti wala hakugeuka, alikua anasubiri siagi yake.

Asubuhi yake tukaenda Kanyakumari, si mbali, tumefika bado giza. Pale ndo ncha ya India, wanasema maji matatu yanakutana, Bahari ya Arabu, Ghuba ya Bengal na Bahari ya Hindi. Hiyo Hindi ndo hiihii inayopiga Raskazone kwetu Tanga, nikachota kiganja nikanawa uso, chumvi ni ileile. Wao wakaingia hekalu la Kumari, mungu bikira, wanaume wanavua mashati, mimi nikabaki nje nalinda viatu. Thatha alipotoka akanionyesha mlango wa mashariki unaoelekea baharini, umefungwa, na hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Sababu yake wanasema ni kipini cha puani cha yule mungu, jiwe lake lilikua linawaka mpaka manahodha wanadhani ni mnara wa taa, wanaelekeza chombo huko, wanagonga miamba. Yaani hazina imefichwa isiue watu! Nikaipenda sana hiyo.

Ufukweni kuna vijana wanauza pakiti za mchanga wa rangi rangi, mwekundu, mweusi, na mmoja una punje kama mchele kabisa. Hadithi yake ni kwamba Kumari alikua aolewe na Shiva, harusi usiku, chakula kimeandaliwa, Shiva yuko njiani anatoka Suchindram. Sasa kuna jini baya ambalo liliandikiwa kuuawa na bikira tu, harusi ikipita tumekwisha. Narada, mjumbe wa miungu, akajigeuza jogoo akawika kabla ya wakati, Shiva akadhani kumekucha, akarudi zake. Mchele haukupikwa, ukageuka mchanga. Mwenzangu, yeye wa uhandisi, akanivuta pembeni akasema we sikiliza lakini ujue mchanga wa pwani hii una madini ya monazaiti, ndani yake kuna thoriamu, ile yenye mionzi, serikali inauchimba pale Manavalakurichi. Nikanunua pakiti ya mchele.

Kisha feri kwenda kwenye mwamba wa Vivekananda, mtawa wa Kihindu. Huyu bwana alifika hapa Desemba 1892, hana kitu, inasemekana aliogelea mpaka mwambani akakaa siku tatu anatafakari. Jengo la kumbukumbu lilifunguliwa 1970. Wakati wa kuvuka mwenzangu akaniambia siku ya tsunami, tarehe 26 Desemba 2004, watalii wengi walikwama hapo juu maji yamewazunguka, nami nikakumbuka hata Dar siku ile watu walikufa, nikakaza boya langu.

Ndani kuna ukumbi wa kutafakari, giza, baridi, mbele inang'aa alama ya Om, ile takatifu ya Wahindu, hakuna kuongea. Tukakaa chini. Thatha alishaniambia, usitafute kitu, sikiliza pumzi tu. Haya, pumzi. Moja, mbili, afu likaja lile shamba la Pongwe, minazi yake naijua mmoja mmoja, likaja karatasi la matokeo, ikaja sauti ya mjomba siku ya uwanja wa ndege anasema we ndo jicho letu, nikajisikia moyo unaenda mbio na machozi yanashuka humo gizani, na mtu wa jirani anasikia navuta kamasi, aibu tupu. Nikanyanyuka nikatoka.

Thatha akanikuta nje kwenye upepo. Akauliza, kimetoka nini? Nikasema sumu. Akacheka, mzee yule ana meno machache. "Umekaa dakika kumi, thambi. Patti kwa mtindi wa sufuria moja anapiga nusu saa."

Hakuongeza neno. Mimi nilitegemea hotuba, mwalimu mzima.

Jioni nikatafuta pa kununua vocha nikampigia mjomba, nikamwambia yote, masomo mawili, kwamba nadanganya tangu mwezi wa saba. Kimya. Nikadhani laini imekatika. Afu akauliza, umekula? Nikasema nimekula. Akasema basi utarudia hiyo mitihani, na ukate simu kabla salio halijaisha.

Niliirudia, mmoja nikapita mara ya kwanza, wa pili mara ya tatu. Ile pakiti niliileta Tanga 2014, nikamhadithia mama habari ya jogoo na harusi. Akaimwaga kwenye ungo, akavaa miwani, akaanza kuipitisha kidole punje kwa punje vile anavyochagua mchele wa mchana. "Kumbe hauna chuya hata moja," akasema, na akairudisha kwenye pakiti yake akaifunga kwa uzi.