Shukrani baada ya usaili bila kujipendekeza

Wasailiwa wengi hawatumi ujumbe wa shukrani kwa kuogopa kuonekana wanajikomba. Hofu hiyo ina msingi, maana ujumbe mwingi wa aina hii kweli ni wa kujikomba: "Naomba sana mnifikirie, nina familia inayonitegemea, Mungu awabariki." Hilo ni ombi la kazi kwa mara ya pili, na linamweka anayelisoma pabaya. Shukrani haiombi kitu. Inataja kilichozungumzwa, kisha inanyamaza.

Usiitarajie makubwa pia. Kwa kawaida jopo hujaza alama mara tu unapotoka chumbani, kwa hiyo ujumbe hauongezi alama. Unasaidia pale wawili wanapokaribiana sana, au aliyechaguliwa anapoikataa kazi, au nafasi nyingine inapofunguka na mtu anajiuliza, "yule wa wiki iliyopita aliitwa nani?"

Maandalizi yafanye hapo hapo nje ya jengo. Andika kwenye simu majina na vyeo vya waliokusaili, swali walilolikalia kuliko mengine, na jibu ulilolitoa vibaya. Ukishapanda daladala na kupokea simu mbili za "vipi, imekuwaje?", majina yanaanza kuchanganyika. Kama jina hukulisikia vizuri, piga mapokezi uulize linavyoandikwa. Anayejiandika Dkt. au Mhandisi mwandikie hivyo. Ukiwa huna uhakika, "Ndugu" inatosha Tanzania, na Kenya tumia Bw. au Bi. "Mheshimiwa" waachie wabunge, na "bosi" subiri uajiriwe kwanza.

Ujumbe wenyewe uwe wa maneno 60 hadi 120. Chukulia umesailiwa nafasi ya mtunza stoo kwa msambazaji wa dawa:

"Ndugu Joseph,

Asante kwa muda mlionipa leo asubuhi, wewe na Bi. Zuhura. Nimeendelea kulifikiria swali lenu kuhusu dawa zinazoisha muda zikiwa bado rafuni. Nilieleza upangaji wa rafu tu, nikasahau kwamba kila mwisho wa mwezi nilikuwa naorodhesha bidhaa zilizobakiza miezi mitatu na kuwapa watu wa mauzo ili zitoke kwanza. Nitafurahi kufafanua zaidi mkihitaji.

Mlisema majibu yatatoka baada ya wiki mbili. Nitasubiri."

Chini weka jina kamili na namba ya simu. Kwenye mstari wa mada: "Shukrani: usaili wa Mtunza Stoo, 14 Mei".

Uzito wote uko katikati, pale zinapotajwa dawa, rafu na mwisho wa mwezi. Ukiiondoa sehemu hiyo, kinachobaki anaweza kukiandika yeyote aliyeitwa siku ile. Ila rekebisha jibu moja tu. Ukirekebisha matatu, unalikumbusha jopo kwamba ulikosea matatu. Mshahara usiuguse, wala usiambatanishe CV upya, wanayo. Na lugha iwe ile mliyoitumia chumbani: usaili ukiwa wa Kiingereza, shukrani nayo iandike kwa Kiingereza.

Ukiwa na anwani za wanajopo watatu, mwandikie kila mmoja peke yake na ubadilishe sehemu ya katikati kulingana na alichouliza yeye. Watu hawa wanakaa ofisi moja, na ujumbe wa kunakili utajulikana siku hiyo hiyo. Ukiwa na anwani ya ofisa rasilimali watu peke yake, mwandikie huyo na umwombe awafikishie wenzake shukrani. Kuichimba namba binafsi ya meneja kwenye makundi ya WhatsApp ni kujiharibia.

Pita njia waliyokuitia. Kama mwaliko ulikuja kwa barua pepe, jibu barua ile ile, ili anayefungua aone mazungumzo yote mahali pamoja. Lakini uandike kwanza pembeni, kwa sababu anwani yao tayari iko juu na kidole kikiteleza rasimu imekwenda. WhatsApp itumie tu kama wao ndio walioanza kuitumia, na hapo andika maneno tu, bila sauti iliyorekodiwa wala picha ya maua.

Kwa SMS kuna mtego mdogo. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, lakini emoji moja, au hata ile alama iliyopinda ambayo baadhi ya simu huiweka kwenye "ng’", inashusha nafasi hadi 70. Ujumbe unakatwa vipande, na kwenye simu za zamani vipande vinaweza kufika bila mpangilio. Andika kwa herufi za kawaida na usizidi sentensi mbili.

Utume siku ile ile, au kesho yake kabla ya saa sita mchana. Ukiumaliza saa tano usiku, Gmail inakuruhusu kuupangia utoke saa mbili na nusu asubuhi. Ukichelewa siku nne, shukrani inasomeka kama kuulizia majibu, na kuulizia ni barua nyingine: isubiri siku waliyoitaja ipite, kisha ongeza siku tano za kazi.

Ajira za serikali zina taratibu zake. Tanzania, usaili wa mchujo wa Sekretarieti ya Ajira, ambako ukumbi mzima unafanya mtihani, hauhitaji shukrani kwa mtu, na matokeo hutangazwa kwa wote. Kenya, matangazo mengi ya kazi za umma huonya kwamba anayejaribu kushawishi wahusika ataondolewa, kwa hiyo usiwatafute wanajopo baada ya usaili. Na popote pale, serikalini au kampuni binafsi, shukrani isiambatane na kitu. Hata vocha ya 5,000 inaweza kusomwa kama rushwa.

Wanaosahauliwa mno ni wadhamini, wale ulioandika majina yao mwishoni mwa CV. Waambie mapema nani atawapigia na kwa nafasi gani, halafu warudie na matokeo hata kama umekosa. Mdhamini aliyepigiwa mara tatu bila kuambiwa kilichotokea hujibu simu ya nne kwa uvivu.

Ukipata barua ya "tunasikitika", jibu kwa sentensi mbili: asante kwa kunijulisha, na nafasi kama hii ikifunguka tena ningependa kufikiriwa. Inafaa zaidi ya inavyoonekana. Muda wa majaribio Kenya ni hadi miezi 6, na unaweza kuongezwa hadi mingine 6 mfanyakazi akikubali; Tanzania unaweza kufika 12. Aliyechaguliwa anaweza kuondoka ndani ya muda huo, na mwajiri huanza na majina aliyo nayo mkononi. Sababu za kukosa ziulize kwa barua tofauti baada ya wiki moja, na uulize jambo moja linalojibika, kwa mfano: "Ni ujuzi gani niliopungukiwa kwa nafasi hii?"