Shotigani iliyolegea na brashi ya nikeli

"Fundi, inacheza," mzee aliniambia, akaiweka mezani kama mtu anayemlaza mtoto. Mitutu miwili ubavu kwa ubavu, kazi ya Birmingham, mfumo wa Anson na Deeley, ule uliopata hataza mwaka 1875. Nikaikunja nikahakikisha chemba zote ni tupu, nikavua mbao ya mbele, nikaifunga tena. Mkono mmoja kwenye kitako, mwingine kwenye mitutu, nikaitikisa. Tik. Kweli inacheza.

Chini ya mitutu kuna kulabu inayokumbatia pini ya bawaba. Kila unapofunga bunduki, chuma kinasuguana na chuma, na mafuta ya zamani yaliyochanganyika na vumbi hayalainishi tena, yanasaga kama msasa. Miaka ikipita, mitutu inasogea mbele na kuacha mwanya kati yake na ukuta wa nyuma. Ukipiga, ganda la risasi linarudi nyuma kuujaza mwanya huo, fataki, yaani kiwashio chake, inatokeza, na gesi inaweza kuvuja kuelekea usoni kwako. Fila, bamba jembamba la kupimia mwanya, ya 0.05 mm ilipita pale, ya 0.08 ikagoma. Nikakadiria 0.06.

Kuna mafundi wanaotibu ugonjwa huu kwa nyundo: wanagonga ubavu wa kulabu hadi chuma kitanuke. Inakaza kwa msimu mmoja, kisha inalegea vibaya kuliko mwanzo, na alama za nyundo zinabaki milele. Mimi naita uhuni. Kuchomelea ni kazi halali, lakini joto lake linanitisha. Ukanda ulio katikati ya mitutu ile umeungwa kwa lehemu ya bati na madini ya risasi, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Kubadilisha pini nako kungenilazimu kuugusa mwili wa bunduki, na bado ulikuwa na zile rangi za bluu na kahawia za kuchomwa. Sikutaka kuzigusa.

Kwa sita ya mia ya milimita, nilitaka kitu cha baridi: kuvika nikeli kwa umeme, tena mahali pamoja tu, bila kuzamisha kitu kwenye beseni. Waya hasi unashika mitutu. Waya chanya unaingia kwenye mpini wenye kipande cha grafiti kilichofungwa pamba, pamba inalowa dawa ya nikeli, nawe unapaka. Ni kama kupaka rangi, ila rangi yenyewe ni chuma.

Grafiti ndiyo iliyonichukua asubuhi nzima. Kulabu ina mbonyeo wa nusu duara, kwa hiyo niliichonga kwa tupa iwe duara jembamba kuliko pini, ili pamba nayo ipate nafasi. Sehemu za jirani nilizifunika kwa rangi ya kucha. Msinicheke, inashika vizuri na inatoka kwa asetoni.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilisafisha, nikasuuza, halafu nikapitisha kidole kuhisi kama pamelainika. Kidole! Nikeli ilikaa ikang'aa, na nilipoigusa kwa ncha ya kisu ikabanduka kama ganda la kitunguu. Nikaikwangua yote nikaanza upya. Safari hii nilisafisha kwa umeme, nikasuuza kwa maji ya mvuke uliopozwa, nikatazama maji yanavyotanda. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta. Yakitanda kama kioo, endelea. Kisha nikageuza nyaya ili umeme uile ngozi ya juu ya chuma, nikafuta ule weusi wa kaboni unaobaki, na kabla hapajakauka nikapaka nikeli ya msingi, halafu ile ya kujaza.

Brashi haisimami. Ukisimama hata kidogo, dawa inaisha nguvu pale na nikeli inaungua, inakuwa kijivu cheusi chenye chengachenga. Unene hauupimi kwa macho, unauhesabu kwa umeme uliopita: ampea-saa moja huweka takriban gramu 1.1 ya nikeli iwapo hakuna umeme unaopotea. Eneo langu lilikuwa sentimita mraba moja na nusu, nami nilitaka 0.09 mm ili nibakiwe na cha kukwangua. Hesabu ikaja ampea-saa 0.11. Nikaenda hadi 0.14, maana sehemu ya umeme huishia kutengeneza vipovu vya haidrojeni. Nusu ampea, dakika kumi na saba, mkono ukifa ganzi ndani ya glavu. Glavu ni lazima, chumvi za nikeli ni sumu na ngozi ikishaikataa nikeli haisahau.

Bunduki haikufunga, kama nilivyotarajia. Nikaipaka kulabu masizi ya mshumaa, nikafunga taratibu, nikafungua, nikaona pameng'aa wapi, nikasugua kwa jiwe laini. Nadhani nilirudia mara thelathini. Mwisho karatasi ya sigara niliyoiweka kwenye ule ukuta wa nyuma wa bunduki ikabanwa na kuchanika nilipoivuta. Nikaitikisa bila mbao ya mbele. Kimya.

Mwanya ungekuwa robo ya milimita nisingeijaribu njia hii, ningempeleka kwa mchomeleaji. Na chemba iliyoliwa na kutu siivishi kitu: nikeli inaficha shimo, haiurudishii mtutu unene.

Mzee alifunga na kufungua mara nne, akatabasamu, kisha akatoa mfukoni springi ya akiba yenye umbo la V iliyoshika kutu. "Na hii nayo ipake, mwanangu, ing'are."

Nikamrudishia mkononi. Haidrojeni ile ile ya vipovu hupenya kwenye chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama biskuti. "Hii nitaisugua kwa mafuta tu, mzee wangu."

Hakuridhika, lakini aliiacha.