Ngogwe zangu ziliishia Busia

Mbegu za ngogwe, yaani nyanya chungu, nilizifunga kwenye karatasi ya daftari nikazitia mfukoni, zawadi ya kumpelekea mwenyeji wangu Entebbe. Mpakani Busia, nikiingia Uganda, ofisa akaifungua. "Mzee, cheti cha afya ya mimea kiko wapi?" Sikuwa nacho. Ugonjwa wa mmea husafiri ndani ya mbegu bila pasipoti, akaniambia, kisha karatasi yangu ikaenda. Nilinuna hadi daraja la Jinja, ingawa moyoni nilijua haki ni yake.

Kampala nikapitia soko la Nakasero. Nikaulizia ngogwe kwa Kiswahili, muuzaji akacheka, "Ssebo, hiyo ni entula." Kando yake yalipangwa mafungu ya majani mabichi, nakati, na kwenye ungo vitunda vidogo kama njegere, katunkuma, ambavyo wateja wake huviita dawa ya presha. Nikanunua vyote vitatu, nikidhani ni mboga tatu.

Mwenyeji wangu, kijana wa Mbale niliyemjua kwa simu tu, alinipokea kwenye bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898. Benki ya taifa ya mbegu iko humo humo. Akamwaga mfuko wangu mezani. Entula na nakati, akasema, ni spishi moja, Solanum aethiopicum. Wakulima wengine walichagua tunda, wengine jani, vizazi na vizazi, mpaka mimea ikaacha kufanana. Katunkuma ni Solanum anguivi, babu yao wa porini.

Huyo babu ndiye anayetafutwa. Mmea wa porini haujawahi kumwagiliwa wala kupuliziwa dawa, kwa hiyo huenda ukawa na jeni za kuvumilia ukame na magonjwa ambazo shambani zimepotea. Mwaka 2019 watafiti wa China na wa Afrika, wakiwemo wa Uganda na Kenya, walichapisha jenomu ya ngogwe, wakasoma na jenomu za mimea mingine 65 ya spishi hizo mbili ili kulinganisha. Jenomu kwangu ilikuwa neno la redioni. Alipoieleza kama daftari la ukoo, lenye jeni zote za mmea, nikaelewa.

"Na mbegu zenyewe zinatunzwa wapi?" nikauliza.

"Hapa zipo. Nyingine kwenye benki ya World Vegetable Center." Kituo hicho cha utafiti wa mboga makao yake ni Taiwan, kwa hiyo nikawaza ndege. "Hapana, mzee. Tawi lao la huku kwetu liko Arusha, tangu 1992."

Arusha! Mimi natoka Tengeru, nje kidogo ya mji huo. Nimekesha kwenye basi, nimenyang'anywa mbegu mpakani, kuja kuambiwa habari za jirani yangu.

Jioni mkewe alifunga nakati kwenye jani la mgomba, akaziivisha kwa mvuke juu ya matoke. Chungu kidogo, tamu baadaye. Nikaomba mbegu za kwenda nazo. Kijana akanyanyuka, akarudi na fomu.