Sukari ya Mama

Mama alikuwa na kisukari kwa miaka 18. Kwa hiyo mwaka 2022, daktari wa Nairobi alipomwambia atadungwa sukari, alinigeukia mimi kana kwamba njama ile niliipanga.

“Miaka yote hii mwaninyima sukari hata ya chai, leo mwataka kunidunga!”

Daktari alishuku saratani ya tezi za limfu, akataka picha ya PET, ambayo hupigwa baada ya mtu kudungwa sukari ya aina yake. Miaka michache nyuma tungelazimika kupanda ndege kwenda India. Sukari hiyo ya sindano ni glukosi iliyopachikwa florini-18, yenye mnururisho, yaani inayotoa mionzi. Seli za saratani ni walafi wa sukari. Zikishaimeza hii haziwezi kuiyeyusha, inakwama humo humo, na mashine inaona ilipojikusanya.

Akaja kwa basi la usiku kutoka Mombasa, kwa sharti la kutokula chochote ila maji. Asubuhi muuguzi akamtoboa kidole kupima sukari ya damu: milimoli 14.1 kwa lita. Ikipita 11 hawamdungi mtu, maana sukari ya mwilini itaizuia ile ya sindano isiingie kwenye seli. Mama kimya. Nikaona chembe za mahamri kwenye pindo la leso yake.

“Kipande tu, mwanangu. Cha kumezea dawa.”

Nilikasirika, nakiri. Dozi ile haiwekwi ikangoja kesho: kila dakika 110 nusu yake hupotea. Yake ilizeekea ndani ya sanduku la madini ya risasi (aliposikia risasi, Mama aliuliza kama ni ya bunduki) na sisi tukarudi nyumbani bila kusemezana.

Siku ya pili yake nilimlinda kama askari jela. Tuliporudi hospitali, kidole kilisoma 7.8. Akadungwa saa nne na robo, mimi nikiwa nje ya mlango, kwa kuwa nilikuwa na mimba ya miezi saba na huko ndani mjamzito haruhusiwi. Alitakiwa alale saa nzima, asitikisike, asiseme, kwani misuli nayo hula sukari, hata ya koo mtu akizungumza. Wakamfunika mablanketi mawili, maana baridi huamsha mafuta fulani ya shingoni nayo yakaanza kula, picha ikavurugika. Mama yangu, saa nzima bila neno! Nadhani hilo lilimtesa kuliko sindano.

Alipotoka alikuja moja kwa moja na mikono wazi. Nikarudi nyuma hatua mbili. Sitausahau uso wake, ingawa muuguzi alikuwa ameshamweleza kwamba hadi jioni akae mbali nami. Akasimama pale pale katikati ya ukumbi, akaliinamia tumbo langu kwa mbali.

“Hodi huko ndani! Bibi yako leo hashikiki.”

Kwenye teksi alikaa nyuma, mimi mbele, akazungumza njia nzima kufidia ile saa.

Majibu tuliyapata siku tatu baadaye. Tezi mbili za shingo na moja ya kwapa zilikuwa zinawaka. Kibofu pia, lakini hiyo ni njia tu ya sukari kutoka. Mama hakuuliza habari za tezi. Alikuwa ameukodolea macho ubongo wake, unang'aa kama karabai.

“Na huku je, daktari?”

“Huko ni kawaida, mama. Ubongo hula sukari mchana na usiku.”

Akanipiga kiwiko. “Umesikia? Mla mahamri ni huyo, si mimi.”