Pini Kwenye Nyundo za Piano

Nilimwambia mwalimu wangu wa piano nataka kujifunza "Mannenberg", wimbo wa Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa jazi wa Afrika Kusini. Akacheka. "Kordi zake unazijua zote, mwanangu. Dakika mbili utaziweza. Kazi iko kwenye zile kumi na kitu zinazobaki."

Akafungua ubao wa mbele wa ile piano kuukuu ya kusimama, akanipa tochi nimmulikie. Alikuwa na kiboksi cha pini bapa za kubandikia karatasi ukutani. Akaanza kuzichomeka moja moja kwenye sufi ya nyundo zile ndogo zinazogonga nyuzi, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayechora. Mimi roho juu, piano ya watu ile! Akabonyeza noti moja: ikalia kibati, kali, yenye vumbi la vilabu vya zamani vya marabi, muziki wa mitaa ya weusi Afrika Kusini. Piano iliyorekodiwa Cape Town Juni 1974 nayo ilikuwa na pini, akasema.

Huku akichomeka, akanisimulia. Ibrahim alizaliwa Cape Town mwaka 1934, akafahamika kwanza kama Dollar Brand. Alipiga na kina Hugh Masekela na Kippie Moeketsi kwenye bendi ya Jazz Epistles, yakaja mauaji ya Sharpeville mwaka 1960, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, na miaka miwili baadaye alikuwa Zürich, Uswisi. Huko Sathima Bea Benjamin, mwimbaji ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe, alimbembeleza Duke Ellington, gwiji wa jazi wa Marekani, mpaka akaenda kumsikiliza Brand. Ellington akawapeleka wote wawili studio Paris, 1963. Santuri ya Brand ikatoka mwaka uliofuata. Rekodi za Sathima zilikaa zaidi ya miaka 30 ndipo zikatolewa. Hilo huniudhi hadi leo.

Tukaanza. Yeye akaweka santuri, mimi nikafuata kwa mkono wa kushoto tu. Mwendo ni wa mtu anayetembea bila haraka, kordi zilezile zinazunguka, zinarudi. Raundi chache tu vidole vikaanza kuniwasha, nikapachika mapambo. Mwalimu akagonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Acha. Basil Coetzee bado hajamaliza kusema."

Kweli, saksafoni ya Coetzee ndiyo kwanza ilikuwa inapamba moto. Nikaacha. Mkono ukachoka, kisha uchovu ukapita, nikaanza kusikia jinsi besi inavyoisukuma kila raundi mbele kidogo. Manenberg, uliopewa wimbo jina lake, ni mtaa wa Cape Town walikotupwa watu waliofukuzwa maeneo kama District Six kwa sheria za ubaguzi, na wimbo huu ukaja kuwa wao, ukapigwa kwenye mikutano ya kupinga serikali ile ile. Nilikuwa nikijiuliza wimbo mchangamfu hivi umekuwaje wa mapambano. Mle ndani ya mzunguko swali likaniishia: watu wanaweza kukaa humo muda wote wanaotaka, na hakuna wa kuwatoa.

Santuri ilipoisha, mlango ukagongwa. Mwanafunzi aliyefuata, na daftari lake la Bach. Pini zilikuwa bado ndani. Mwalimu akanikonyeza, akamwambia, "Karibu, anza tu."