Nilivyozoesha mikono yangu kuendesha treni za aina tofauti

Hapa Ujerumani leseni ya udereva wa treni peke yake haitoshi. Kila aina ya treni unafundishwa na kupasishwa kivyake kabla hujakabidhiwa abiria. Mimi nilianza na kichwa cha treni cha aina ya 146, kile cha mabehewa ya ghorofa, kisha nikahamia treni za seti, zile zenye mota ndani ya mabehewa yenyewe bila kichwa cha kuzivuta: aina ya 425, halafu Talent 2. Reli ni zile zile na signali ni zile zile, ila ukikaa kitini unakuta kila kiwanda kimepanga meza ya dereva kinavyotaka.

Maelezo nilikuwa nayashika. Kazi ilikuwa kwenye mikono, kwa sababu mtu akikatiza reli ghafla, mkono unakwenda pale ulipozoea, huna nafasi ya kukumbuka. Kwenye 146 breki ya treni ina leva yake: unapunguza shinikizo la hewa kwenye bomba kuu la breki kutoka bar 5 hadi 3.5 ukitaka breki kamili. Kwenye seti leva ni moja, inaongeza mwendo na inafunga breki.

Nikamwomba mwalimu wangu tukae kwenye treni iliyolala karakanani. Nafumba macho, yeye anataja: honi! Breki ya dharura! Kitufe cha kuthibitisha umeiona signali! Nagusa, kisha nafumbua macho kuhakikisha. Swichi nyingine niliziacha, maana nyingi unazigusa treni ikiwa imesimama. Nilitaka zile tu ambazo mkono utazitafuta wakati wa hofu.

Mguu haukunisumbua kabisa. Pedali ya kupima kama dereva yuko macho inafanya kazi vilevile kote: unaikanyaga, na ndani ya kila sekunde 30 unaiachia kidogo na kuikanyaga tena. Ukipitiliza, taa inawaka, sekunde 2.5 baadaye inapiga kelele, 2.5 nyingine, treni inajifunga breki. Laiti meza nzima ingekuwa hivyo.

Juhudi za kufananisha meza za madereva zipo, na nazithamini sana. Enzi za kichwa cha 110 dereva alizungusha gurudumu kuongeza nguvu; kilipokuja cha 111 mwaka 1974, kabini yake ilichorwa iwe kielelezo kwa zitakazofuata. Kanuni ya Ulaya ya 2014 imeweka wazi kwamba leva ya pamoja ikisukumwa mbele inaongeza nguvu, ikivutwa kwa dereva inaongeza breki, na kwamba mojawapo ya njia mbili za breki ya dharura iwe kitufe chekundu chenye umbo la uyoga. Skrini ya ETCS, mfumo wa Ulaya wa kusimamia mwendo wa treni, nayo imesanifiwa moja: ukizidisha spidi mshale unageuka rangi ya chungwa, mfumo ukiingilia kufunga breki unakuwa mwekundu. SGR yetu ya Dar hadi Dodoma imefungwa mfumo huohuo wa ETCS.

Kwenye treni ninazoendesha, kinachonikera hadi leo ni vitufe vya milango. Havikai sehemu moja, na ukifungua upande usio na jukwaa abiria anaweza kuanguka relini. Kwa hiyo kila stesheni natazama kwanza jukwaa liko wapi, nasema kwa sauti "kulia" au "kushoto", naweka kidole kwenye kitufe, natazama tena, ndipo nabonyeza. Wanafunzi ninaokaa nao siku hizi nawataka wafanye hivyohivyo, hata tukiwa tumechelewa.