Fleti ya Nyali na Mzee Asiyeuza Kitu

Kazi yangu ni kupanga na kupamba ndani ya nyumba za watu. Mteja wangu wa Nyali, Mombasa, alikuwa mtu wa bandari. Alifanya kazi Dar es Salaam, makao makuu ya Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila mtu akarudi kwao na alichoweza kubeba. Wenziwe walibeba redio na sufuria. Yeye alirudi Mombasa na meza ya ofisi ya mvule, viti viwili vya kujinyosha vyenye mikono mirefu, na furushi la picha alizonunua kwa vijana wa Morogoro Stores, Oyster Bay: ndege, chui na miti, vyote kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo huo wa kuchora, alikuwa ameshafariki tangu 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake walikuwa wanaendelea kuchora. Mzee akaendelea kununua, kila alipopata safari ya kwenda Dar.

Mkewe, Bi Mkubwa, ni mtu wa Lamu. Kwa upande wake kulikuja kitanda cha samadari, kasha la msaji lenye misumari ya shaba, na kiti cha enzi chenye njumu, mapambo ya mfupa yaliyopachikwa kwenye mbao, ambacho babu yake alikalia siku ya nikaha. Vitu vyote hivi viliishi Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ya ghorofa tatu, mpaka magoti ya Bi Mkubwa yakakataa ngazi. Watoto wakawanunulia fleti mbele ya bahari, ghorofa ya nne, lifti ipo.

Mimi niliitwa na watoto. Walinionyesha kwenye simu picha za nyumba nyeupe zisizo na kitu ila kochi moja na jani moja ndani ya chupa. Nikamuuliza Bi Mkubwa yeye anataka nini.

"Mwanangu, nataka nyumba nipumue."

"Na wewe, Mzee?"

"Mimi siuzi kitu."

Nikafunga daftari. Kazi ilikuwa imeshajieleza.

Mwenye jengo alikuwa tayari ameweka dari ya jipsamu iliyopandana kama keki ya harusi, na taa za buluu pembeni. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichoangusha, na nakiri niliangusha kwa furaha. Sijui nani aliwaambia wajenzi wetu kwamba dari lazima ishuke ndipo nyumba ionekane ya kisasa. Tulipoitoa tulipata karibu sentimita 30 za hewa. Sakafu tuliiacha ya terazo, tukaisugua tu.

Halafu bahari. Watu huitaka kwa macho, wakasahau kwamba inaingia ndani. Sebule inatazama mashariki, na jua la asubuhi hupita kwenye vioo likagonga ukuta wa nyuma moja kwa moja. Ukuta huo ndio mpana kuliko yote, na ndio kila mgeni angesema, "Picha zitakaa hapa." Hapana. Picha zilikwenda kuta za kaskazini na kusini, ambako jua haligongi moja kwa moja, na kila moja ikawekewa vijipande vya mpira nyuma ili isishikane na ukuta. Hadibodi hunyonya unyevu, ikavimba pembe, na ukungu huanzia upande usiouona. Skrubu zote zikawa za shaba au za chuma cha pua cha daraja la 316. Lile la kawaida la 304 linaota madoa ya kutu haraka mahali pa chumvi kama pale.

Ule ukuta wa nyuma ndio niliokesha nao. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha ndani kina ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vilivyochimbwa ukutani, safu kwa safu, na humo huwekwa sahani za Kichina na vikombe. Sehemu nyingine yote ya chumba hubaki tupu: busati, kitanda, basi. Wale wazee walikuwa na vitu, tena vingi, lakini vilikuwa na mahali. Kuta zao ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, kwa hivyo zidaka huzama ndani bila shida. Mimi nilikuwa na ukuta wa matofali ya inchi 6, na injinia aliyenikataza kuongeza uzito wa jiwe hata moja juu ya sakafu yake.

Basi tukajenga ukuta wa pili mbele ya ule wa kwanza, wa fremu ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa na plaiwudi ya baharini, tukaacha sentimita 90 katikati. Kwa mbele ni zidaka na rangi nyeupe isiyong'aa. Nyuma yake ni stoo nyembamba ndefu, na matundu ya hewa chini na juu, mtu anaweza kuingia ubavu. Mzee aliingia na tochi, akakaa humo muda, akatoka akisema, "Hii ni meli." Nikajua nimempata.

Siku ya kuhamia niligawa sakafu kwa utepe wa karatasi: samadari hapa, kasha hapa, meza ya mvule dirishani, kiti cha enzi peke yake kwenye pembe, kitazamwe. Nikawaambia hamali kisicho na utepe hakikai sebuleni, kinakwenda stoo. Mzigo wa kanta ya kwanza, lori dogo, ulishuka vizuri. Kanta ya pili nikaona kabati la miguu myembamba, mtindo wa Denmark wa miaka ya 1960, ambalo halikuwa kwenye orodha yangu.

"Mzee, hili limetoka wapi?"

"Lilikuwa kwa jirani. Alikuwa analitupa, binti."

Halikuingia kwenye lifti. Hamali wanne walilipandisha kwa ngazi, wakiimba, na mmoja wao alipofika juu akajibwaga kwenye kiti cha enzi kupumzika. Watoto walishtuka. Bi Mkubwa akamletea maji.

Ubishi wa nini kikae nje na nini kikae stoo ulichukua mchana wote, na mimi sikuumaliza. Aliumaliza Bi Mkubwa. Kwao, alisema, kila Shaabani mama yake alikuwa akitoa vyombo, akafua mapazia, akabadilisha mikeka na kupanga nyumba upya kabla ya Ramadhani. Hapa tupange kwa pepo za misimu: ukivuma kaskazi vitu vya Mzee vikae nje, ukivuma kusi vya kwake. Nikaona ni shauri zuri hata kwa sababu yangu mwenyewe, maana kusi huja na mvua na dirisha lenye unyevu, na wakati huo hadibodi ni bora zilale stoo. Mpingo na msaji huvumilia. Picha za Mzee za majahazi, zilizo za karatasi, tuliziweka ukumbi wa vyumbani usio na dirisha, chini ya taa dhaifu, laksi 50 kwa kipimo cha mwanga, kama wanavyofanya makumbusho.

Kabati la jirani lilipata utepe wake. Kasha likasogea hatua mbili, meza ya mvule ikahamia chumbani, na Bi Mkubwa akasema bado anapumua. Kusi ya kwanza walinipigia simu nikasaidie kubadilisha. Nilipofungua stoo nikakuta viti vya sinema vinne, vya kukunja, vimeunganishwa kwa chuma.

"Vilikuwa vinatupwa," Mzee akaniwahi.

Nikatoa futi nikavipima.